Sabini na Tisa ya Bi Tabu

Mimi nikitaja namba, watu wa Kibiti hunyamaza. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Nina miaka kumi na sita ya unesi, tisa kati ya hiyo kwenye mashine za kusafisha damu, na tangu nilipokabidhiwa kituo chetu cha vitanda sita hakuna mgonjwa aliyeniuliza anaendeleaje nikamjibu "vizuri vizuri tu". Nampa namba. Zote zimeandikwa ukutani, kwenye ubao mweupe, kila mtu na jina lake.

Na namba yenyewe si ya kutisha. Figo zikigoma, uchafu unabaki kwenye damu. Sisi tunapima aina moja ya uchafu huo, yurea. Unachukua damu kidogo kabla mashine haijaanza, unachukua nyingine ikishamaliza, unalinganisha. Kama yurea ilikuwa mia ikabaki thelathini, umesafishika sabini kwa mia. Chini ya sitini na tano hatukubali. Hapo tunaongeza muda, tunabadilisha kichujio, tunakimbiza pampu, mradi tunafanya kitu. Juu ya hapo, alhamdulillahi, nenda kwako ukale, ila kwa adabu.

Basi Bi Tabu alikuwa na sabini na tisa.

Sabini na tisa, ndugu yangu! Namba kama hiyo unataka kuitia kwenye fremu. Mwenyewe alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Kiongoroni, kule delta karibu na bahari, mama wa miaka hamsini na minane, kilo themanini na mbili, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto bila kusimama. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alilala kwenye mashine yetu masaa manne. Katikati ya wiki alikaa kwa mdogo wake Bungu. Jumamosi mumewe, Mzee Nasibu, alikuja kumchukua, wakawahi boti Nyamisati, wakaenda kulala kwao.

Miezi minane mfululizo nilimwandikia namba za juu, na miezi minane mfululizo hakuacha kulalamika.

"Sista, nawashwa mwili mzima. Usiku sipati usingizi."

"Mama, angalia ubao."

"Mdomoni nina ladha ya msumari. Chakula hakipiti."

"Mama, angalia ubao."

"Mimi ubao siujui. Mimi najua sisafishiki."

Sasa mtu mwenye sabini na tisa akikuambia hasafishiki, utamwelewaje? Mimi nilimwelewa hivi: anaiba chakula. Nilikuwa na ushahidi. Yurea yake ya kabla ya mashine ilikuwa inapanda mwezi baada ya mwezi, ishirini na mbili, ishirini na tano, ishirini na tisa, thelathini na mbili. Nikasema, si mnaona! Tunamtoa safi, anarudi mchafu. Hapo katikati kuna sufuria. Nikamshika kwa ng'onda, maana watu wa delta na samaki mkavu wa chumvi ni chanda na pete, nikamshika na kwa madafu. Alikataa. Akaapa wallahi. Nikamwambia namba haijui kuapa, na haijui kusema uongo.

Sikuishia hapo. Nilimpigia simu Mzee Nasibu, nikamwambia, baba, mchunge mkeo, anakula vitu kwa siri. Mzee Nasibu ni mtu mpole, anayeamini kila kinachosemwa na mwenye sare nyeupe. Alinishukuru mara tatu kabla ya kukata simu. Nami nikaiweka simu mfukoni nikijiona nimefanya kazi.

Wazo la kumpunguzia siku lilikuwa langu pia. Daktari Mussa huja kutoka Dar es Salaam mara moja kwa mwezi kuwapitia wagonjwa, na safari hiyo alikuja Jumatano. Nilimsimamisha mbele ya ubao kama mwalimu anayeonyesha matokeo ya darasa lake.

"Daktari, huyu mama anateseka na njia. Boti, bodaboda, Noah. Na tazama namba zake. Tumpe mara mbili kwa wiki badala ya tatu."

Daktari aliangalia ubao, akaangalia faili, akajikuna kichwa.

"Analalamika kuwashwa."

"Ng'onda," nilimjibu.

Akacheka. "Namba zinaruhusu. Anza wiki ijayo."

Nilifurahi. Usiku huo nililala nikifikiria jinsi Bi Tabu atakavyonishukuru.

Alhamisi asubuhi nilimwendea kitandani kwake mwenyewe, sikumtuma mtu. Sindano zilikuwa zimeshaingia mkononi na mashine inazunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuletea habari njema. Kuanzia wiki ijayo utakuja mara mbili tu. Jumanne na Ijumaa. Siku zako nyingine zote unakaa kwako, unaangalia shamba lako."

Alikuwa anajikuna shingo kwa mkono usio na sindano. Akaacha.

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Na daktari kaambiwa na nani?"

"Kaona mwenyewe, pale ubaoni."

Nilisubiri shukrani zangu.

"Mwanangu," akasema, na ile sauti yake ya ng'ambo ya mto haikuwepo, "mara tatu yenyewe hainitoshi. Mkiniondolea moja mnanichimbia kaburi. Mimi nakufa, Sista. Nakufa naona."

"Mama, usiseme hivyo. Wenzako wanalia wapunguziwe."

"Salima pale ana ngapi?"

Bibi Salima ni kikongwe anayekaa nyuma ya soko la Kibiti hapa hapa. Alikuwa kitanda cha pili, amefumba macho, lakini masikio yake hayajawahi kufumba.

"Sitini na sita," nikasema.

"Salima, una kilo ngapi?"

"Thelathini na tisa na kanga," Bibi Salima akajibu bila kufungua macho.

"Mimi themanini na mbili," Bi Tabu akasema. "Mashine zetu si ni hizo hizo?"

"Ni hizo hizo."

"Na muda ule ule?"

"Masaa manne wote."

"Haya. Nikikupa kibaba cha mchele na debe la mchele, nikakupa ndoo moja ya maji ya kuoshea hiki na ndoo moja ya kuoshea kile, kipi kitatakata zaidi?"

Mtoto wa darasa la kwanza anajua jibu. "Kibaba," nikasema.

"Basi imekuwaje mimi debe nitakate kuliko kibaba?"

Bibi Salima alicheka mpaka mashine yake ikapiga kelele. Mimi nilikasirika. Hasira yangu haina mlango maalumu, inatokea popote, na siku hiyo ilitokea mdomoni. Nilimwambia, "Mama, mpunga ni wako, damu ni yangu. Kila mtu afanye kazi yake." Mtu mzima yule, angeweza kuwa mama yangu mzazi. Maneno yale nikiyakumbuka natamani kujifinya.

Mchana wali maharage haukushuka. Nilikaa na sahani mbele yangu nikisikia debe na kibaba, debe na kibaba, mpaka nikaisukuma sahani nikachukua rejista. Nikasema ngoja nimtafutie huyu mama jibu, nikamfunge mdomo kwa heshima.

Tulikuwa na wagonjwa wanne wa delta. Bi Tabu sabini na tisa. Saadi sabini na saba. Rukaya sabini na nane. Na Mzee Mfaume, ambaye mshipa wake ni mbovu, damu inatoka kwa kubembelezwa, mashine inamlilia kila dakika kumi, alikuwa na themanini na moja. Wagonjwa wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri, watu wenye mishipa mizuri, walikuwa na sitini na nne, sitini na sita, sitini na nane. Mmoja tu alifika sabini.

Nilijaribu kujidanganya kidogo. Labda ni samaki wabichi. Labda ni hewa ya bahari. Hewa ya bahari, mimi Nasra, niliyesoma miaka yote ile! Mashine haijui mtu katoka kijiji gani. Kwa hiyo anayejua ni sisi, na kama anayejua ni sisi, basi kuna kitu sisi tunachowafanyia watu wa delta ambacho hatuwafanyii wengine. Sikujua ni kitu gani. Ila nilijua siku ya kukitafuta, kwa sababu vipimo vyetu vya mwezi hufanyika Jumamosi ya kwanza, na Jumamosi ya kwanza ilikuwa keshokutwa.

Jumamosi hiyo sikushika kazi yoyote. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono nikimwangalia Iddy. Iddy ni nesi mwenzangu, yupo nami mwaka wa tatu, mkono mwepesi, kazi safi, mtu ambaye hata chumba cha sabuni amekipanga. Saadi alimaliza wa kwanza. Iddy akasimamisha mashine, akafungua chupa ya maji ya chumvi, yale maji ya dripu tunayotumia kuisukuma damu iliyobaki kwenye mirija irudi mwilini. Damu ikarudi mpaka mrija ukapauka. Saadi naye ameshainuka, anatafuta kandambili kwa mguu, simu sikioni, anamuuliza mtu wa boti maji yako wapi. Ndipo Iddy akachukua bomba la sindano, akavuta damu ya mwisho kutoka kwenye mrija ule ule ulio jirani na mkono.

Nilikiona kile kichupa. Ile haikuwa rangi ya damu. Ilikuwa nyepesi kama juisi ya rosela iliyoongezwa maji kwa ajili ya wageni waliozidi.

"Iddy!"

"Naam, Sista."

"Damu ya mwisho unaichukua baada ya kurudisha?"

"Ndiyo, Sista."

"Kwa wagonjwa wote?"

"Hapana. Kwa wa delta tu. Wengine nachukua kabla."

"Nani kakufundisha ujinga huo?"

Iddy ni kijana aliyelelewa. Alitazama chini kwanza, akaifunga vizuri pamba ya Saadi, kisha akasema taratibu, "Wewe, Sista."

Nilitaka kukana. Mdomo ulishafunguka. Halafu nikakumbuka.

Miaka miwili nyuma Mzee Mfaume aliachwa na boti kwa sababu yetu. Kipimo cha mwisho kikifanywa kwa utaratibu wake kina mambo: unapunguza mwendo wa pampu, unasubiri, unachukua damu ikiwa bado nzito, unaandika jina, ndipo unaanza kurudisha. Dakika kumi hivi, na ukiwa na wagonjwa wawili zinakuwa ishirini. Kule Nyamisati boti haifuati saa, inafuata maji, na maji yakishatoka, njia ya kwenda Kiongoroni inabaki tope tupu. Mzee wa watu alilala gatini, Jumanne akaja na kifua. Niliwaka siku hiyo. Nikatoa amri: kuanzia leo wa delta warudishieni damu kwanza, wajiandae, sampuli chukueni mwisho mwisho wakati wanavaa, wasikose maji. Niliisimulia amri hiyo hata kwenye kikao, kama mfano wa kumjali mgonjwa. Watu walipiga makofi.

Sikuwahi kujiuliza inaifanya nini sampuli. Mpishi amemwaga jagi la maji kwenye mchuzi, kisha anaonja, kisha anajisifu kuwa chumvi haikuzidi. Huyo mpishi ni mimi. Kosa hili asingelifanya nesi wa Dodoma wala wa Moshi, huko hakuna boti inayokimbizana na maji. Lilikuwa la kwetu, nikalizaa mwenyewe kwa huruma, na kwa kosa hilo nilitaka kumwondolea Bi Tabu siku moja ya uhai kila wiki.

Sikuwa na nafasi ya kujuta. Mashine ya Bi Tabu ilionyesha dakika thelathini na nane zimebaki. Nilinawa mikono, nikavaa glavu, nikavuta kiti kando ya kitanda chake.

"Leo unanihudumia mwenyewe?" akauliza.

"Leo mwenyewe. Na nitakuchukua damu mara mbili, mama. Njia mbili tofauti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya debe na kibaba."

Akaninyooshea mkono wenye sindano.

Muda ulipotimia nilipunguza pampu. Nikahesabu moyoni polepole. Nikavuta damu kichupa cha kwanza, nzito, nyekundu iliyoiva. Nikaandika A. Kisha nikafungua maji ya chumvi, nikarudisha damu yote kama tulivyozoea, nikavuta tena kutoka pale pale alipokuwa anavuta Iddy. Nikaandika B. Nikavipeleka maabara, chumba cha tatu kwa mkono wa kulia, sikumwachia mtu.

"Warda," nikamwambia mpimaji wetu, "kila ulichoshika kiweke chini."

Mzee Nasibu alikuwa amesimama mlangoni na begi begani, kofia imekaa upande kwa haraka.

"Sista, maji yanatoka. Boti haitatungoja."

"Naomba dakika arobaini, mzee wangu."

"Dakika arobaini hatuna."

"Baba Zuena," Bi Tabu akamwita mumewe kwa jina la binti yao, akiwa ameshakaa kwenye benchi na plasta mkononi. "Boti na iende."

Mzee alibaki kasimama. Mtu aliyezoea boti hakai mpaka ajue moja.

Warda alinipa karatasi huku amekunja uso. "Sista, hizi A na B ni za watu wawili?"

"Mtu mmoja. Tofauti dakika kumi."

Kabla ya mashine, thelathini na tatu. B, ile ya kwetu ya siku zote, saba nukta tatu: sabini na nane kwa mia, namba ya kwenye fremu. A, ile ya kweli, kumi na tano na nusu. Nilipiga hesabu kwa kalamu, nikapiga kwa simu, nikapiga tena kwa kalamu. Hamsini na tatu.

Nitasema na hili, maana bila hilo simulizi ni nusu. Nilisimama kwenye korido ya maabara kama nusu dakika nikiwaza kwamba hakuna anayejua. Ningeweza kumwambia daktari mama kakataa kupunguziwa, nikamrekebisha Iddy kimya kimya, namba zikashuka polepole zenyewe, na mimi nikabaki Nasra yule yule. Ilikuwa rahisi kabisa. Kisha nikajiona nikimwambia Bi Tabu "angalia ubao" mwezi ujao, nikashindwa. Nikampigia daktari.

"Daktari, namba zangu za delta ni za uongo. Wote wanne, miaka miwili. Damu ya mwisho ilikuwa na maji."

"Na yule wa kupunguziwa?"

"Ana hamsini na tatu. Futa kupunguza, mimi nataka kuongeza. Kichujio kikubwa, pampu ikimbie zaidi, masaa manne na nusu, na kesho Jumapili nafungua mwenyewe nimpe ya ziada. Wale watatu napima upya wiki hii. Na Jumamosi delta wote watapanda mashine zamu ya alfajiri ili wawahi maji bila kutukimbiza. Watu wa mjini watanuna, wanune."

"Sawa. Sawa kabisa." Nilisikia anaandika. "Kwenye taarifa niseme kosa ni la nani? La yule kijana?"

"Andika Nasra," nikasema. "Na usikosee herufi."

Nilirudi chumbani, nikachukua kitambaa, nikafuta ubaoni majina manne na namba zake. Chumba kizima kilinyamaza, ila hawakunyamaza kama zamani.

"Yangu usiiguse!" Bibi Salima akasema.

"Yako ni ya kweli, bibi. Lala."

Kisha nikaenda kwenye benchi. Niliwahi kuwaambia watu habari za vifo, sauti haikunitetemeka. Pale ilitetemeka.

"Mama, majibu yametoka."

"Ngapi?"

"Hamsini na tatu."

"Na mnataka ngapi?"

"Sitini na tano kwenda juu."

"Kwa hiyo nimefeli."

"Umefeli, mama. Yaani tumefeli sisi. Hujawahi kusafishika inavyotakiwa, hata siku moja. Zile namba za ubaoni zilikuwa makosa yangu. Siku zako hazipungui. Kesho unarudi kwenye mashine, na nitakusafisha mpaka hiyo sitini na tano tuipite. Tutaipita, nakuambia."

Bi Tabu alifumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. Akarudia tena, kwa sauti ya chini zaidi, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo na mwenzake.

Nilipiga goti pale pale sakafuni. "Niwie radhi, mama."

"Kwa lipi?"

"Kwa namba."

"Namba ni mambo yenu na mashine. Kwa lipi lingine?"

Nilijua anachokitaka. "Kwa ng'onda."

"Inuka," akasema, "uliseme vizuri. Tangu ulipompigia simu huyu bwana ananihesabia matonge. Nikienda jikoni anakohoa nyuma yangu. Wajukuu wangu wanaambiana bibi mwizi wa samaki, na mimi hata samaki wenyewe harufu tu inanitapisha. Miezi yote hiyo nimekuwa mgonjwa na mwongo kwa pamoja. Ugonjwa niliuweza. Inuka useme, asikie."

Niliinuka. Iddy alikuwa ameacha kazi. Vitanda vyote vilikuwa vinanitazama.

"Mzee Nasibu," nikasema, na safari hii sauti haikutetemeka, maana jambo la kweli likishapata njia linatoka lenyewe. "Mkeo hakuiba chakula. Hakula ng'onda, hakunywa madafu. Kila alichosema kilikuwa kweli. Mwongo nilikuwa mimi, nawe ukaniamini mimi ukamwacha yeye."

Mzee Nasibu alishusha begi. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaja kukaa kwenye benchi kando ya mkewe. "Mama Zuena," akasema, ikaishia hapo.

Bi Tabu hakumsaidia. Alimwacha hivyo mpaka tukaona haya sisi tunaotazama. Kisha akajigeuza polepole pale kwenye benchi, akampa mgongo.

"Nikune," akasema. "Hapo katikati, mkono wangu haufiki."

Mzee Nasibu akaweka kofia chini, akaanza kumkuna mkewe mbele yetu sote.